Mtoto Anapokataa Nyama

Somo la robo hii limetokana na swali ambalo kamati tatu zimetuuliza kwa nyakati tofauti, karibu kwa maneno yale yale: tufanyeje na mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu ambaye kila akipewa nyama anaitema? Tulidhani tungelijibu kwa aya mbili tu na kuendelea na habari za visima. Lakini swali hili linatuhusu sisi wenyewe, kwa kuwa mara ya kwanza tulilijibu vibaya, na nusura mtoto mmoja apate madhara makubwa.

Wengi mnakumbuka kwamba katika siku za mapishi ya lishe kwenye vigango vyetu vya Dodoma tulikuwa tukinunua nyama ya ng'ombe kwa fedha za mradi. Tuliona fahari. Sufuria la mchuzi wa nyama lilipendeza hata kwenye picha za taarifa zetu. Siku moja mama mmoja alikuja na binti yake wa miezi 18. Mtoto alipewa kipande, akakizungusha mdomoni, akakitema. Akapewa kingine, akafumba mdomo. Mama, kwa aibu ya kutazamwa, akambana pua ili afumbue, na mtoto akapaliwa. Badala ya kumsaidia, mmoja wetu akamwambia mbele ya wenzake kwamba hajui kulisha. Mama akajifunga kitenge, akambeba mwanawe na kuondoka. Hatukumwona kwa miezi minne.

Aliporudi, aliletwa na bibi wa mtoto. Viganja vya mtoto vilikuwa vimepauka, amelegea, wala hachezi na wenzake. Tuliwasindikiza kituo cha afya. Wingi wa damu ulikuwa 7.9. Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2024, mtoto wa miezi 6 hadi 23 huhesabiwa kuwa na upungufu wa damu akiwa chini ya 10.5. Alipimwa malaria, hakuwa nayo. Akapewa dawa ya minyoo na dawa ya maji ya kuongeza madini ya chuma, na mama akaonywa aiweke mbali na watoto wengine, maana mtoto akiinywa nyingi kwa mkupuo inaweza kumwua.

Ndipo tukakaa chini na kuuliza jambo ambalo tulipaswa kuliuliza siku ile ya kwanza: mtoto anakula nini tangu asubuhi hadi usiku? Asubuhi chai ya rangi na andazi. Mchana ugali wa mtama na mlenda. Jioni hivyo hivyo, na chai tena. Maziwa ya mama aliachishwa akiwa na miezi 14. Nyumbani walikuwapo kuku sita, lakini mayai yote yalikwenda gulioni, yakarudi kama sabuni, chumvi na madaftari ya kaka zake. Kuhusu nyama, bibi alitusaidia kuliko kitabu chochote. "Hakatai," alisema. "Hawezi. Mtazameni mdomoni." Tukamtazama. Meno ya mbele yalikuwapo, magego ndiyo kwanza yalikuwa yameanza kuchomoza.

Jambo hili tulikuwa tumelipita. Magego ya kwanza kwa kawaida hutoka kati ya miezi 13 na 19, na yale ya nyuma yake kati ya miezi 23 na 33. Nyama ya ng'ombe aliyetembea machungani miaka mingi hata sisi watu wazima tunapambana nayo. Mtoto anaifyonza utamu wake, anabaki na nyuzi asizoweza kuzisaga, anatema. Hiyo ni busara yake, kwa sababu angemeza angepaliwa.

Ziko sababu nyingine. Baada ya mwaka wa kwanza ukuaji hupungua kasi, na hamu ya kula hupungua pamoja nao. Katika mwaka wa pili watoto wengi huanza kuogopa chakula wasichokizoea. Vidonda vya mdomo, homa na minyoo navyo huondoa hamu. Kwa hiyo mtoto anayekataa nyama peke yake lakini anakula vingine na anaongezeka uzito kwenye kadi ya kliniki, hatuna haja ya kumhofia sana. Anayekataa karibu kila kitu, anayepungua uzito, aliyepauka, au mwenye mzunguko wa mkono chini ya sentimeta 12.5, apelekwe kituo cha afya wiki hiyo hiyo. Kama ni chini ya 11.5, apelekwe siku hiyo hiyo.

Sasa tujiulize nyama inampa mtoto nini, ili tujue tunachokitafuta kwingine. Wengi hujibu: protini. Kweli, lakini protini ndiyo rahisi kuipata. Mtoto wa umri huu anahitaji takribani gramu 13 kwa siku. Yai moja lina kama gramu 6, kikombe cha maziwa kama 8, nusu kikombe cha maharage yaliyopikwa kama 7. Ugumu uko kwenye madini ya chuma, ambayo anahitaji kama miligramu 7 kwa siku, pamoja na zinki na vitamini B12. Chuma kilichomo kwenye nyama na samaki huingia mwilini kwa urahisi. Kile cha maharage, kunde, choroko na mboga za majani huingia kidogo tu, sehemu kubwa hupita na kutoka.

Hata hivyo tunaweza kukisaidia kiingie. Tunda lenye vitamini C likiliwa pamoja na mlo huo, mwili hupokea chuma kingi zaidi. Hapa Dodoma hatuhitaji kununua machungwa ya mbali, kwani ubuyu tunao: unga wake ukikorogwa kwenye maji safi au kwenye uji uliokwisha pozwa, unatosha. Mapera na malimau hufanya kazi hiyo pia. Kinyume chake ni chai. Chai ya rangi pamoja na mlo huzuia chuma kisiingie, na mtoto yule alikuwa akinywa chai mara mbili kwa siku. Tungependa kamati zetu ziliseme hili waziwazi, ingawa tunajua chai ilivyo na heshima yake nyumbani: mtoto mdogo hana haja nayo. Kuloweka maharage usiku kucha na kumwaga maji yake, au kutumia unga wa kimea kwenye uji, nako husaidia.

Vitamini B12 haimo kwenye mimea. Asiyekula nyama aipate kwenye mayai, maziwa au samaki. Maziwa ya ng'ombe ni mazuri baada ya mwaka mmoja, ila yasizidi kama nusu lita kwa siku, kwani mtoto aliyeshiba maziwa hali kingine, na maziwa yenyewe yana chuma kidogo mno.

Katika yote tuliyojaribu, dagaa ndio waliotushangaza. Tunawatoa vichwa, tunawaosha mchanga, tunawakaanga bila mafuta hadi wakauke, tunawatwanga kwenye kinu na kuwachekecha. Kijiko kimoja cha unga huo kwenye uji au mboga hakimsumbui mtoto asiye na magego. Kinamama waliogopa harufu, lakini watoto wengi hawakuijali, hasa ukianza na nusu kijiko. Nyama yenyewe tusiifukuze. Ipikwe hadi ilainike kabisa, itwangwe au ikatwe ndogo sana, ichanganywe na kunde zilizopondwa. Maini yanapondeka kirahisi na yana chuma kingi, kidogo mara moja kwa wiki yanatosha. Ila tusidanganyane kuhusu supu. Wazazi wengi humpa mtoto supu na kula nyama wenyewe, wakiamini nguvu yote imebaki kwenye maji. Nguvu imebaki kwenye nyama.

Neno moja kuhusu unga wa lishe wenye karanga. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha mikoani Dodoma na Manyara kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi, na karanga nazo hupata sumu hiyo. Kuchemsha hakuiondoi. Karanga zilizokunjamana, zenye ukungu au zilizobadilika rangi zitupwe, zisipelekwe mashineni eti zitasagika. Nazo karanga nzima asipewe mtoto mdogo, zinakaba.

Kuhusu namna ya kulisha, tumejifunza zaidi kwa kunyamaza kuliko kwa kuhimiza. Mtaalamu wa lishe wa Marekani, Ellyn Satter, alifundisha kwamba mzazi ndiye anayeamua mtoto ale nini, saa ngapi na wapi, na mtoto ndiye anayeamua kama atakula na kwa kiasi gani. Kwa desturi zetu hili linasikika kama kumdekeza. Lakini mtoto aliyebanwa pua anajifunza kwamba sahani ni ugomvi. Apewe sahani yake mwenyewe, akae na wengine, aone kaka zake wakila. Kipande kidogo kiwekwe pembeni, asilazimishwe, kirudishwe siku nyingine. Huenda ikachukua mara kumi au zaidi kabla hajakizoea. Biskuti, juisi za pakiti na soda kabla ya mlo ziondolewe. Na kama bado ananyonya, aendelee hadi miaka miwili au zaidi.

Kwa wafadhili wetu tuna hesabu ya kuwatolea. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa watoto 30 kati ya 100 wa chini ya miaka mitano nchini Tanzania wamedumaa, wakati mwaka 2015/16 walikuwa 34. Hilo ni jema. Lakini upungufu wa damu ulikuwa 58 kati ya 100, na mwaka 2022 ulikuwa 59. Tulipoyaweka haya mbele ya sufuria letu la nyama, tulikubaliana kwamba kilo chache za nyama mara moja kwa mwezi hazimjengi mtoto damu. Fedha hizo sasa zinanunua dagaa wa kutwangwa na chanjo ya mdondo kwa kuku. Mdondo ukipita hufagia banda zima, na chanjo ni tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu hadi minne. Kuku wakibaki hai, mayai yanatosha gulioni na nyumbani. Wapo kati yetu waliopinga, wakisema mfadhili alitoa fedha kwa ajili ya nyama. Tuliwaandikia waliohusika, wakaridhia.

Mama yule tulimwendea nyumbani kumwomba radhi. Walipatana na mumewe kwamba mayai matatu kila wiki yasiende gulioni. Kipimo cha damu cha mwezi wa tatu kilisoma 10.8. Nyama mtoto bado anaitema, isipokuwa ikitwangwa.

Kamati ambazo hazijatuletea majina ya wachanjaji wawili wa kuku kwa kila kigango zifanye hivyo kabla ya kikao kijacho, mmoja wao awe mwanamke, kwa kuwa kuku wengi ni wa kinamama.