Riwaya ya Kumpa Mtu Asiyesoma Vitabu

Mtu mzima asiyezoea vitabu usimchagulie riwaya kwa tuzo iliyopata. Mimi humsikiliza kwanza akipiga soga. Akikaa na wenzake hupenda kusimulia nini? Kesi za wizi? Ndoa zilizovunjika? Hapo napata fununu ya kitabu chake.

Kaka yangu ni mtu wa habari za upelelezi, nami nikampa Kufa na Kupona ya Elvis Musiba, ya mwaka 1974. Mpelelezi wa kitabu hicho, Willy Gamba, hampi msomaji nafasi ya kupumua. Mpelelezi Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), ana akili kali zaidi kwa maoni yangu, lakini mwendo wake ni wa taratibu, kwa hiyo namweka wa pili.

Kwa anayependa habari za mapenzi na familia sisiti hata kidogo: Vuta N'kuvute ya Adam Shafi (1999). Unamkuta Yasmini, msichana mbichi aliyeozwa Bwana Raza, mwenye duka anayemzidi umri mno, na papo hapo unataka kujua kama atavumilia. Mazungumzo ni mengi, na Unguja ya wakati wa Mwingereza unaiona kabisa. Amil Shivji aliitengenezea filamu mwaka 2021, nami huwaambia watu waitazame hata kabla ya kusoma. Anayeanza husumbuliwa sana na majina ya wahusika. Akishaziona nyuso zao, hachanganyikiwi tena.

Wembamba wa kitabu usikuhadae. Nagona ya Euphrase Kezilahabi (1990) ni fupi sana, lakini imejaa mafumbo ya kifalsafa. Naipenda mno, na simpi anayeanza. Rosa Mistika (1971), ya mwandishi huyohuyo, inasomeka bila kukwama, na mzazi yeyote mwenye binti itamgusa.

Kitabu kikishapokelewa, usimhoji mtu kuhusu dhamira na maudhui. Wengi wetu riwaya tuliachana nazo siku tuliyomaliza mtihani wa fasihi, na maswali hayo yanaturudisha darasani. Mwulize tu, “Umefika wapi?” Akisema ameishiwa hamu, kichukue bila lawama, umpe kingine.

Nawe msomaji, ile riwaya iliyokufanya ukeshe usiku usiiache kabatini. Mwazime mtu wiki hii.