Ganzi ya Mkono: Somo kwa Walimu na Wakristo wa Pwani



Yako maradhi yasiyompeleka mtu kaburini, lakini humnyang'anya riziki yake. Mojawapo ni ganzi ya mkono itokanayo na kubanwa kwa mshipa wa fahamu katika kifundo. Tangu Kilwa Kivinje hata Lindi, watu wengi hula kwa kazi ya mikono: wanawake husuka ukili, hukuna nazi na kubangua korosho, wanaume hushona nyavu na kuvuta makasia. Mkono ukifa ganzi, nyumba hupungukiwa. Tena maneno huzuka: mmoja asema ni uvivu, wa pili asema amerogwa, wa tatu anong'ona kwamba ni ukoma. Basi yafaa tujue mambo yalivyo, tupate kumwongoza ndugu yetu katika njia iliyo sawa.

1. Jinsi kifundo kilivyoumbwa

Katika kifundo cha mkono imo mifupa midogo minane, imepangwa mfano wa mfereji. Upande wa kiganja mfereji huo umefunikwa kwa utepe mgumu, kama paa. Katika njia hiyo nyembamba hupita kano tisa zikunjazo vidole, na pamoja nazo mshipa mmoja wa fahamu. Mshipa huu si wa damu. Kazi yake ni kupeleka habari. Kwa huo twahisi kwa kidole gumba, cha shahada, cha kati, na nusu ya kidole cha pete. Kano zikivimba, njia haipanuki. Ndipo mshipa hubanwa.

Ugonjwa huu si mpya. James Paget, daktari wa Uingereza, aliandika mwaka 1854 habari za mtu aliyevunjika mfupa karibu na kifundo, na mfupa ulipounga ukaubana mshipa huo. Basi sababu yake ni ya mwili, wala si ya mchawi.

2. Dalili zake

Mgonjwa huamka usiku, vidole vyake vikichoma kama vyachomwa sindano. Huukung'uta mkono, akapata nafuu kidogo. Kidole cha mwisho hakina neno. Baadaye ganzi huja hata mchana. Kikombe humponyoka, na kufunga kifungo cha nguo humshinda. Ugonjwa ukiachwa muda mrefu, nyama iliyo katika shina la kidole gumba hunywea, na pengine hairudi tena. Kwa hiyo kukawia ni hasara.

Wanawake hupatwa zaidi kuliko wanaume, hasa wenye mimba. Wengi wa hao hupona baada ya kujifungua. Tena hupatwa wenye kisukari, wenye baridi yabisi, na waliopungukiwa na nguvu ya tezi ya shingo. Kazi ya kukaza mkono kwa nguvu na kukunja kifundo mara nyingi huweza kuuleta au kuuzidisha. Lakini si kila aifanyaye huugua.

3. Kupambanua na maradhi mengine

Hapa pana jambo kubwa. Katika mkoa wa Lindi ukoma ungali ukionekana, nao pia huharibu mishipa ya fahamu. Mwenye ukoma huweza kuwa na baka la ngozi lililopauka au lenye wekundu, ambalo hasikii likiguswa. Au hujiunguza jikoni asijue. Mwenye dalili hizo aende zahanati bila kuficha. Dawa za ukoma hutolewa bure, nazo hunywewa miezi 6 au 12. Aanzaye kuzitumia huacha upesi kuambukiza wengine. Basi asitengwe na mtu.

Ganzi ikiwa katika miguu yote miwili pia, yafaa kupimwa kisukari. Na mtu akilegea ghafula upande mmoja, mdomo ukapinda au maneno yakamkwama, apelekwe hospitali saa ile ile.

4. Matibabu

Kwanza, kupumzisha kifundo. Usiku mgonjwa afunge banzi lililozungushiwa kitambaa laini, kifundo kikae wima bila kukunjwa, vidole viwe huru. Asikaze sana. Afanye hivyo kwa muda wa majuma sita. Mchana apumzike mara kwa mara, na kazi ya kukaza mkono wagawane jamaa nyumbani.

Pili, asipopata nafuu, daktari huweza kumpiga sindano ya dawa ya kupunguza uvimbe katika kifundo.

Tatu, ikiwa ganzi haiondoki au kidole gumba chadhoofika, daktari hukata ule utepe mgumu, mshipa upate nafasi. Mara nyingi hutiwa ganzi mkono tu, na mgonjwa hurudi kwao siku ile ile.

Watu wa Kilwa waanze zahanati, kisha Hospitali ya Kinyonga huko Kilwa Kivinje. Ikiwapo haja watapelekwa mbele, kama Hospitali ya Sokoine, Lindi, au Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam.

Lakini tusichanje chale wala kupiga chuku. Hazifunguli njia ya mshipa, na wembe mchafu huleta maradhi mengine. Wala tusitumbukize mkono wenye ganzi katika maji ya moto, maana ngozi isiyohisi huungua upesi.

5. Yatupasayo sisi

Katika Injili ya Luka, sura ya 6, twasoma habari za mtu aliyepooza mkono. Luka peke yake ataja kwamba ulikuwa mkono wa kuume, yaani mkono wa kazi. Bwana hakumwuliza amekosa nini. Alimsimamisha katikati ya watu, akamponya. Nasi tusimfiche mgonjwa pembeni kwa masengenyo. Mwalimu si daktari, lakini aweza kumsikiliza, kumsindikiza zahanati, na kuuomba usharika umsaidie nauli na kazi za shamba mpaka mkono upate nguvu.

Maswali ya kujifunza

1. Ni vidole gani vipatwavyo na ganzi hii, na kipi husalimika?
2. Ni dalili gani zitupasazo kufikiri juu ya ukoma?
3. Ni nani katika usharika wetu ambaye mkono wake wahitaji kupumzishwa, na ni nani atakayeshika kazi yake?