Maneno ya Kiingereza Yanayotuponza Tunapoandika

Katika Kiswahili tumezoea kuandika neno kama linavyotamkwa. Kiingereza hakiendi hivyo. William Caxton alipoanzisha uchapaji wa vitabu Uingereza mwaka 1476, tahajia ilianza kuganda huku matamshi yakiendelea kubadilika. Ndiyo maana "knife" bado ina k isiyosikika. B ya "debt" iliongezwa na wasomi ili neno lifanane na "debitum" la Kilatini. Basi anayeandika barua ya kuomba kazi asilitegemee sikio peke yake. Ajue kosa lake ni la aina gani.

Yanayofanana masikioni mwetu. Kiswahili kina irabu tano tu, Kiingereza kina sauti za irabu nyingi zaidi. Kwa hiyo "live" (kuishi) na "leave" (kuondoka, au likizo) hututoka kwa sauti moja, na mfanyakazi anajikuta ameomba "annual live". Lishike neno pamoja na mwenzake: "annual leave", "live in Arusha". Fanya hivyo pia kwa "fill" (kujaza) na "feel" (kuhisi).

Yanayowachanganya hata Waingereza. "Principal" ni mkuu wa chuo, au kiasi cha mkopo kabla ya riba. "Principle" ni kanuni. "Stationery" ni karatasi na kalamu, "stationary" ni kitu kisichosogea. Kwa "stationery", kumbuka e ya "envelope". "It's" ni kifupi cha "it is" au "it has", wakati "its" huonyesha umiliki, bila ritifaa.

Jina na kitenzi. "Advice" ni ushauri, "advise" ni kushauri. Uingereza hutofautisha vivyo hivyo "practice" na "practise". Marekani huandika "practice" kote. Shule zetu hufuata zaidi Kiingereza cha Uingereza, lakini la msingi ni kutochanganya mitindo miwili katika barua moja. "Affect" kwa kawaida ni kitenzi, kuathiri. "Effect" mara nyingi ni jina, athari. "Lose" ni kupoteza, "loose" ni -liolegea.

Herufi zinazosahaulika. "Accommodation" ina c mbili na m mbili. "Committee" ina m mbili, t mbili na e mbili. Katikati ya "separate" kuna a, na "definitely" haina a hata moja.

Kabla ya kutuma, usiiachie simu kazi ya kukagua. Inaweza isipigie "loose" mstari mwekundu, kwa kuwa ni neno halali, ila umeliweka pasipo pake. Kusoma kwa sauti nako hakutoshi, maana sauti ndiyo iliyokupoteza. Kila penye "it's", weka "it is" au "it has". Sentensi ikikataa, ondoa ritifaa. Kisha andika kwenye daftari maneno yanayokusumbua wewe, na uyahakiki katika kamusi kila unapoyatumia mpaka mkono uyazoee.