Kuvuta au Kufungasa? Mtumbwi Nyuma ya Chombo na Kazi ya Mfasiri

Likizo iliyopita, nikiwa Kasongo, niliombwa kutafsiri kutoka Kifaransa ukurasa mmoja wa maagizo ya usalama kwa watu wa mitumbwi mtoni Lualaba. Sentensi moja ilihusu boti linalokwenda na mtumbwi kwa kamba. Niliandika: "Vuta mtumbwi nyuma kwa kamba ndefu." Mzee mmoja wa mtoni alinisikiliza nikisoma, kisha akauliza: "Mutoto wangu, nani anavuta? Mukono ao moteri? Na kamba inafungwa wapi?" Sikuwa na jibu. Makala haya ni jaribio la kumjibu.

Tuanze na vitenzi. "Vuta" hueleza nguvu inayoelekea kwa mvutaji: mvuvi huvuta wavu, mtu aliye ukingoni huvuta mtumbwi. "Kokota" huongeza uzito na taabu, ndiyo maana tuna "mkokoteni". "Buruta" huongeza msuguano wa ardhi. Hakuna hata kimoja kinachotaja kamba. Kamusi za pwani zina kitenzi cha nne, "fungasa": kwenda na chombo kingine kilichofungwa kwa kamba. Ndani yake tunasikia "funga", lakini kiambishi "-as-" hakina uhai wa "-ish-" au "-an-". Kwa hiyo msemaji hawezi kuliunda neno hili mwenyewe. Ni lazima alirithi.

Kwa nini mabaharia walishika kufunga badala ya kuvuta? Tazama kazi yenyewe. Jahazi likifungasa kihori baharini, tanga na upepo ndivyo vinavyovuta. Kazi ya baharia ni kamba. Ikiwa fupi mno, wimbi la nyuma hukisukuma kihori kikagonga tezi. Huiongeza mpaka kihori kikae mgongoni mwa wimbi, na huifupisha anapoingia bandarini. Ikifungwa chini kwenye omo ya kihori, pua huinuka badala ya kuzama. Makasia hutolewa, maji hukumbwa. Bahari ikichafuka, kihori hupandishwa sitahani na kulazwa kifudifudi. Upepo ukikatika, mambo hugeuka: mashua yenye wapiga makasia ndiyo hulifungasa jahazi. Kitenzi ni kilekile, kwa sababu fundo ni lilelile.

Mtoni mambo ni mengine. Lualaba ina mkondo, na mara nyingi mtumbwi hufungwa ubavuni mwa boti. Kamba moja hushika mbele, nyingine nyuma, na ya tatu, ya mshazari, hubeba mvuto. Hapo "nyuma" ya tafsiri yangu ingempoteza msomaji, na mtumbwi wenye mzigo ukiyumba mwishoni mwa kamba, kosa la mfasiri ni hatari kwa watu.

Njia ya tatu ni kubeba, nayo ina historia kwetu. Mwaka 1876 boti la Stanley, Lady Alice, lililotengenezwa kwa vipande, lilipita Maniema mabegani mwa wapagazi hadi Nyangwe, likashuka Lualaba. Wengi wa msafara huo walikuwa Wangwana wa Zanzibar, watu wa jina lililozaa "Kingwana". Mashua ilipita, Kiswahili kikabaki. Lakini Kasongo na Kabambare sijasikia mtu akisema "fungasa". Sioni umaskini hapo. Lugha hutunza maneno ya kazi inayofanywa, na bahari iko mbali.

Je, ningeandika "fungasa"? Darasani ningepata alama, mtoni nisingeeleweka. Niliandika upya: "Mtumbwi mtupu uufunge puani, chini, kwa kamba ndefu, boti liende nao nyuma. Wenye mzigo uufunge ubavuni." Sentensi ya pili haikuwamo katika Kifaransa. Niliwapelekea walioniagiza pamoja na maelezo ya mzee, wakaikubali.

Ninachopendekeza kitivoni ni kidogo. Tunapofundisha tafsiri ya vitenzi vya kazi, tusiishie kutafuta kisawe. Tuulize maswali ya yule mzee: nani anatenda, kwa nguvu gani, na kamba imefungwa wapi? Na "fungasa" tuifundishe pia, ili siku mwanafunzi wa Kabambare atakapofika Lamu, asihitaji mkalimani ndani ya lugha yake mwenyewe.