Ruzuku ya kilimo: nani anapokea?

TUNAPOSIKIA serikali imetoa ruzuku kwa wakulima, huwa tunauliza ni kiasi gani. Swali la msingi ni jingine: nani anapokea?

Tuchukue mfano wa Marekani. Mwaka 1933, bei ya pamba ikiwa imeanguka, serikali ya Rais Roosevelt iliamua kuwalipa wenye mashamba ili wapunguze kilimo. Zaidi ya ekari milioni 10 za pamba iliyokwisha kuota zikafukiwa.

Katika wilaya ya Poinsett, jimbo la Arkansas, wengi wa waliolima pamba hawakuwa na ardhi. Walilima shamba la tajiri, wakagawana naye mavuno. Hundi ilikwenda kwa tajiri, naye ndiye aliyetakiwa awape wakulima wake fungu lao. Wengi hawakutoa. Isitoshe, eneo la kulima lilipopungua, familia zikafukuzwa mashambani. Julai 1934 wakulima hao, weusi kwa weupe, waliunda chama chao karibu na mji wa Tyronza kudai haki.

Ndugu msomaji, mwenye kisu kikali ndiye hula nyama. Ruzuku ikipitia mkononi mwa mwenye ardhi, asiye na ardhi hubaki na jasho lake. Kabla ya kushangilia kiwango, tuulize kwanza orodha ya malipo ina majina ya nani.