Somo la Afya: "Ni Maji Tu" Katika Titi



Mara kwa mara tunasikia mama akisema, "Nimeambiwa ni maji tu," na mambo yanaishia hapo. Mara nyingi ni kweli. Lakini maji hayo si ya namna moja.

Titi huweza kuota kifuko cha maji, hasa kati ya miaka 35 na 50. Kwenye picha ya altrasaundi kifuko cha kawaida huonekana cheusi kitupu, na ukuta wake ni mwembamba. Hicho si saratani. Kisipouma, huachwa.

Kipo kingine chenye ukuta mnene, au kilichogawanywa ndani kwa kuta nene, au chenye kinyama kilichoshika upande mmoja. Hapo picha peke yake haitoshi. Wengi wenye kifuko hiki hawakutwi na saratani, lakini wanaokutwa nayo si wa kupuuzwa. Inabidi kipande cha kile kinyama kichukuliwe kwa sindano nene, baada ya ganzi, kipimwe maabara.

Tuangalie hapa vizuri, maana ndipo wengi hukosea. Kuvuta maji si kupima kinyama. Maji yaweza kutoka, uvimbe ukanywea, maabara wasione kitu, na ugonjwa ukabaki ukutani. Mama mmoja wa kwetu alifurahi wiki sita, kisha uvimbe ukajaa tena palepale. Safari ya pili walichukua kinyama, ndipo ikajulikana.

Basi mama aulize bila haya: "Ndani ni maji matupu, au kuna kitu kigumu?" Uvimbe ukirudi, maji yakiwa na damu, au uvimbe mpya ukimtokea mama aliyekwisha koma hedhi, arudi kwa mganga upesi. Wengine wanaogopa kwamba sindano inasambaza ugonjwa. Hofu hiyo imewachelewesha wengi, na bila kipimo hicho daktari hana pa kuanzia. Maombi tunaendelea nayo; na kipimo kifanyike.

Akina baba, nauli ya kwenda hospitali ya rufaa isiwe neno la kubishania.

Tena, majibu ya maabara hukawia, na sisi ni watu wa kuhamahama. Anayesubiri majibu akiwa ameandikishwa kurudi nyumbani au kuhamishwa, awaambie waganga mapema, aombe nakala ya picha na karatasi zake, azifunge kwenye nailoni pamoja na kadi ya chakula.