Tusifungulie Kila Mtu: Ruhusa za Folda kwenye Seva

Mgonjwa anayeandikishwa kwenye kituo cha afya Kaengesa, Tanzania, hajui seva iko wapi. Ameeleza habari zake kwa mhudumu akiamini zitabaki siri, na habari hizo zikishaingia kwenye mfumo, ruhusa za folda ni sehemu ya ulinzi wake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inayotumika tangu Mei 1, 2023, inamtaka anayezitunza azilinde.

Katika Linux kila faili lina mmiliki mmoja na kundi moja. Waliobaki wote ni wengine. Kusoma ni 4, kuandika 2, kutekeleza 1, kisha unajumlisha. Hivyo 640 maana yake mmiliki anasoma na kuandika, kundi linasoma tu, wengine hawagusi. Kwenye folda, ile 1 ni ruhusa ya kupita. Ikikosekana, hata faili lililo wazi ndani yake halifikiki.

Wengi hukwama hapo. Mfumo unagoma, foleni dirishani inarefuka, fundi anaandika chmod -R 777. Mfumo unaamka, lakini sasa yeyote mwenye akaunti kwenye seva anaweza kubadili mafaili ya mfumo huo. Tunasihi amri hiyo isitumike kabisa. Andika namei -l na njia nzima ya faili: itaonyesha mmiliki na ruhusa za kila folda tangu mwanzo wa njia, nawe utaiona iliyoziba. Rekebisha hiyo tu.

Mafaili ya programu yamilikiwe na msimamizi, kundi liwe la programu inayoyasoma, mathalani www-data kwenye Ubuntu. Folda 750, mafaili 640. Programu iandike panapobidi tu, kama folda ya viambatisho. Kama 777 imeshapita, chmod yenye X kubwa pekee haitakuokoa, kwa kuwa kila faili tayari lina alama ya kutekeleza. Tumia find: -type f kwa 640, -type d kwa 750, kisha urudishe kutekeleza kwa yale machache yanayohitaji.

Faili la nywila libane zaidi. Kwenye mfumo wa DHIS2, unaopokea takwimu za afya nchini, dhis.conf lina nywila ya hifadhidata. Liwe 600, mmiliki akiwa mtumiaji anayeendesha mfumo.

Kabla ya kugusa chochote, ingia kwenye folda husika ukiwa root, uandike getfacl -R . > /root/ruhusa.txt. Ukikosea, setfacl --restore=/root/ruhusa.txt, ukiwa folda ileile, itarudisha ruhusa zilivyokuwa.